Uzi wa Pumzi

Basi la Kibondo kwenda Kasulu lilikuwa limeshajaa tulipoondoka stendi, na mtoto aliyekaa kwenye mapaja ya bibi yake, kiti cha mbele yangu, alishikwa na kwikwi kabla hata hatujazimaliza nyumba za mji. Kila baada ya sekunde chache kifua chake kidogo kiliruka, mabega yakapanda, macho yakamtoka kwa mshangao wa mtu anayesukumwa na asiyemwona. Bibi hakuhangaika. Alishika pindo la kitenge chake, akachomoa uzi mmoja wa njano, akaukata kwa meno, akauviringa kwa ncha za vidole mpaka ukawa mdogo wa punje ya ulezi, akaulowesha kwa ulimi na kuubandika kwenye paji la uso la mjukuu wake. Kijana aliyesimama kwenye njia ya katikati, mkono mmoja umeshika bomba la juu, akacheka. "Bibi, huo uzi unafanya kazi gani?" Bibi hakugeuka. "Subiri uone, mwanangu." Tukapanda kilima, tukashuka kingine, wafanyabiashara wa ndizi wakatuzunguka madirishani kwenye kituo kimoja, na kwikwi zikawa zimekoma. Kijana akasema zingekoma zenyewe. Bibi akasema, "Zimekoma."

Kwikwi ni jambo dogo mno kuandikiwa, na labda ndiyo sababu nimekaa nalo muda mrefu. Kati ya kifua na tumbo umetanda msuli mpana, mwembamba, uliobinuka kuelekea juu, ambao vitabu vya afya huuita kiwambo. Ukijikaza unashuka, kifua kinapata nafasi, hewa inaingia. Ukilegea unapanda, hewa inatoka. Kazi hiyo huifanya zaidi ya mara 20,000 kwa siku, usiku na mchana, bila kuomba likizo. Lakini haujiamulii. Unangoja amri kutoka kichwani, na amri hiyo huletwa na mishipa miwili ya fahamu, mmoja kulia na mmoja kushoto, iitwayo neva za freniki. Amri ikija kwa zamu yake tunapumua na wala hatujui kama tunapumua. Ikija ghafla, nje ya zamu, kiwambo kinashtuka, koo linajifunga juu yake, na hiyo ndiyo kwikwi. Marekani, katika jimbo la Iowa, aliishi mtu aitwaye Charles Osborne aliyeshikwa na kwikwi mwaka 1922 alipokuwa akipima nguruwe wa kuchinja, nazo hazikumwacha mpaka mwaka 1990. Alioa, akalea watoto, akala na kulala katikati ya mishtuko hiyo kwa miaka 68. Nikimwaza huwa nacheka, kisha kicheko kinanikatikia njiani, kwa sababu huyo alipata amri kupita kiasi. Wapo ambao amri haiwafikii kabisa.

Njia ya mshipa huo ina maajabu yake. Msuli uko chini ya mapafu, umelalia ini na tumbo la chakula, na mtu angetarajia mshipa wake utoke mgongoni papo hapo karibu. Hautoki hapo. Unatoka shingoni, usawa wa pingili ya tatu, ya nne na ya tano, unashuka mbele ya shingo, unapita nyuma ya mtulinga, unaingia kifuani, unaambaa ubavuni mwa moyo umeshikamana na utando unaoufunika, ndipo unakifikia kiwambo. Safari yote hiyo kwa mshipa wenye unene wa milimita chache tu. Sababu ya mzunguko huo imo katika historia ambayo kila mmoja wetu ameipitia na hakuna aikumbukaye. Mimba ikiwa ya wiki nne hivi, tishu zitakazokuwa kiwambo ziko juu, shingoni, na hukohuko ndiko zinakopewa mshipa wake. Baadaye mwili unakua, kichwa kinanyooka, moyo na mapafu yanatafuta makao, na kiwambo kinashushwa hatua kwa hatua mpaka kufikia wiki ya nane kinakuwa karibu na mahali pake pa kudumu. Kinahama, ila hakiukati mshipa wake. Mshipa unanyooshwa, unarefuka, unakifuata. Mtu mzima mwenye miaka 70 anavuta pumzi ya kupandia mlima wa Heru Juu kwa amri inayopitia kijiji alichokihama akiwa bado hana hata vidole.

Hapa Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, hadithi ya namna hiyo haihitaji kufafanuliwa. Ni nchi ya watu waliohama na waliohamishwa. Enzi za ukoloni vijana wa Kiha walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba, wakakaa huko misimu na miaka, na wengine hawakurudi tena. Lakini ukikaa na wajukuu wao Korogwe au Muheza utawasikia wakitaja Makere na Muhinda, mahali ambapo hawajawahi kupatia macho. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakatolewa kwenye mashamba yao ya ndizi yaliyotawanyika mabondeni na kupangwa kwenye vijiji vilivyonyooka kando ya barabara. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu, kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya kuwapokea Warundi. Wapo watoto waliozaliwa chini ya maturubai ya kambi hizo wanaojua jina la kilima cha babu yao ng'ambo ya mpaka kuliko wanavyojua jina la wilaya wanayoishi. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee, nao walikuwa wakimsema mtu mwenye uwezo wa kuchagua. Kiwambo hakikuchagua. Kilishushwa, kikashuka na uzi wake, na uzi ule ndio unaokiweka hai na ndio huohuo unaoweza kukiponza, kwa sababu kadiri njia inavyokuwa ndefu ndivyo mahali pa kukatikia panavyoongezeka.

Na pa kukatikia ni shingoni. Mtoto anapanda mwembe msimu wa maembe, tawi linamsaliti. Mwanamume anapanda mchikichi kule chini kuelekea ziwani, mkanda wa kamba unachoka kabla yake. Bodaboda inakutana na lori kwenye kona ya vumbi. Madaktari wa KCMC, Moshi, walipochunguza majeraha ya uti wa mgongo mkoani Kilimanjaro walikuta kuanguka kunaongoza, mbele ya ajali za barabarani. Nami nikiitazama miti ya huku, na jinsi tunavyoipanda, sioni kwa nini milima ya Kigoma iwe na desturi tofauti. Uti ukiumia chini ya shingo, miguu inanyamaza na mtu anaishi. Ukikatika juu ya pingili ya tatu, miguu, mikono na kiwambo vinanyamaza kwa pamoja. Mtu yuko macho. Anasikia. Anaona nyuso zilizomwinamia. Hawezi kuvuta hewa. Ana dakika chache tu, na hizo dakika ndizo watu wema hutumia kumnyanyua kwa kumshika kichwani na miguuni, kumpakia juu ya pikipiki katikati ya watu wawili, na kumkimbiza. Wema wetu una haraka, na shingo haitaki haraka. Laiti kwenye kila kijiwe cha bodaboda kuanzia Kabingo mpaka Manyovu pangekuwa na mtu mmoja aliyefundishwa jambo moja tu: mshike kichwa, usikigeuze, mwinueni kwa pamoja kama ubao. Barabara ile ya kilometa 260.6 imekuwa ikiwekewa lami kipande baada ya kipande, na lami hupunguza saa za safari, ila pia huongeza mwendo wa pikipiki.

Majeruhi akifika hospitali akiwa bado anapumua kidogo, au akipatikana mtu wa kumpulizia, kazi inaangukia mikononi. Mfuko wa ambu ni kifaa cha mpira kinachojijaza chenyewe, kina barakoa upande mmoja. Unakiminya, hewa inaingia, unakiachia, hewa inatoka. Ukikitazama mkononi mwa muuguzi ndani ya gari la wagonjwa utaona kidole gumba kinatetemeka baada ya muda, kisha anabadilisha mkono, kisha anaweka mfuko juu ya paja na kuuminya kwa kiganja chote, macho yake hayaondoki kwenye kifua cha mgonjwa. Ndugu anauliza, "Sista, nikusaidie?" naye anamwonyesha: hivi, taratibu, usiminye sana. Msidhani ni umaskini wa kwetu peke yetu. Mwaka 1952 polio iliingia Copenhagen, Denmark, kwa ukali ambao hospitali ya Blegdam haikuwahi kuuona, na mashine za kupumulia zilikuwa za kuhesabika. Daktari Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa watobolewe koo na kupuliziwa hewa kwa mkono. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500 kwa jumla, wakakaa kwa zamu usiku na mchana kando ya vitanda, kila mmoja akiminya mfuko, akimsomea mgonjwa hadithi, akimtazama machoni. Kutoka katika juhudi hizo ndipo ulipozaliwa uuguzi wa wagonjwa mahututi duniani, na miaka michache baadaye, katika nchi hiyohiyo, mfuko unaojijaza wenyewe. Kwa hiyo ule mfuko uliomo ndani ya gari la wagonjwa linalotoka Kibondo ni urithi wa wanafunzi wale. Walikesha miezi. Wengine waliona wagonjwa wao wakifa huku mikono yao ingali inaminya.

Mkono, lakini, unachoka. Hilo lazima lisemwe kwa sauti, maana sisi waandishi tunapenda sana kuusifu mkono.

Kwa miaka mingi Kibondo na Kasulu ziliwashiwa taa na mashine za dizeli, mbali na gridi ya taifa. Aliyelala karibu na mtambo alizoea mngurumo wake, na mngurumo ukikatika usiku hata waliolala waliamka. Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru mkoa huu umeme wa gridi ukawashwa, ukitokea kituo cha Nyakanazi, na mashine zikapumzishwa. Tangu hapo nguzo zinaongozana na barabara, zinaikata misitu ya miyombo, na mji unaangaza kwa nguvu isiyozaliwa hapa. Ukitaka kuielewa neva ya freniki, simama chini ya nguzo hizo. Nyakanazi ni ubongo, Kasulu ni kiwambo. Waya ukikatika mahali fulani kaskazini ya Kibondo, Kasulu inaingia giza ingawa kila balbu ya Kasulu ni nzima, na waya wote ulio chini ya pale palipokatika ni mzima vilevile. Sasa ufanyeje? Unaweza kuleta jenereta na kuiunga chini ya mkato. Haitokuwa Nyakanazi, haitajua kama ni mchana au usiku, lakini balbu zitawaka. Hicho ndicho wanachofanya madaktari wanapouamsha mshipa wa kiwambo kwa umeme. Na kama waya wenyewe umeungua, kama chembe za shingoni ambako mshipa unaanzia zimekufa, jinsi polio ilivyozoea kuziua, jenereta haisaidii kitu. Unatakiwa mshipa ulio hai ambao hauna wa kuuambia la kufanya.

Wazo ni la zamani kuliko tunavyodhani. Mjerumani Christoph Hufeland aliliandika mwaka 1783, akiwa kijana anayemaliza masomo, kwamba huenda umeme ungemrudishia pumzi aliyeishiwa nayo. Mwaka 1948 Stanley Sarnoff na wenzake wa Harvard wakalitenda kwa wagonjwa. Miaka ya 1960 William Glenn wa chuo kikuu cha Yale akatengeneza kifaa cha kukaa nacho maisha: waya mdogo unaozungushiwa mshipa, kipokezi kilichozikwa chini ya ngozi ya kifua, na nje, juu ya ngozi hiyohiyo, pete ya antena iliyobandikwa kwa plasta, inayounganishwa na kisanduku chenye betri. Kisanduku kinatuma mawimbi, ngozi inayapitisha, kipokezi kinayageuza kuwa umeme, mshipa unaamini kuwa ni ubongo unaoongea, kiwambo kinashuka. Huo ni udanganyifu wenye heri. Kuna watoto wanaozaliwa na hitilafu ya kimaumbile ambayo huwafanya wasahau kupumua wanapolala. Wanacheza mchana kutwa kama wengine, jioni wakipitiwa na usingizi ubongo unaacha kuagiza. Wapo miongoni mwao wanaovishwa antena kila usiku jinsi wengine wanavyofungiwa chandarua.

Mwigizaji Christopher Reeve, ambaye wengi wetu tulimjua kwa kuruka angani katika sinema za Superman, alianguka kutoka juu ya farasi mwaka 1995 na shingo yake ikavunjika juu kabisa. Alipumua kwa mashine iliyochomekwa kooni. Mwaka 2003, huko Cleveland, timu ya Raymond Onders ikapitisha nyaya kwenye matundu madogo ya tumbo na kuzichomeka katika kiwambo chenyewe, karibu na pale mshipa unapoingia. Kiwambo kilichokaa bila kazi kwa miaka huwa kimenyauka. Kinafundishwa upya, dakika chache leo, chache zaidi wiki ijayo, taratibu. Lakini habari iliyonikaa kichwani ni nyingine. Mashine ya kooni huingizia hewa chini ya pua, kwa hiyo pua inabaki haina kazi. Kiwambo kilipoanza tena kuvuta, hewa ikapita puani, na Reeve akanusa kahawa baada ya miaka minane. Nasoma hilo nikiwa nchi ya kahawa. Ukitoka Kasulu kuelekea Manyovu na Kalinzi, msimu wa mavuno, wakulima wa ushirika wa Kanyovu wakiwa wameanika, harufu ya tunda lililomenywa inakufuata ndani ya gari, chachu kidogo, tamu kidogo. Sikuwahi kuihesabu kuwa ni sehemu ya kupumua. Niliiona pumzi kuwa ni suala la kufa au kupona, nikasahau kwamba ndiyo inayoleta harufu ya udongo wa mvua ya kwanza, ndiyo inayobeba salamu ya "Mwakeye" ya asubuhi na makofi mepesi yanayoandamana nayo, ndiyo inayomwezesha mama kuimba akitwanga. Aliyeipoteza huikumbuka kwa vitu hivyo kwanza.

Sasa nikilete kisanduku kile cha betri kijijini Mvugwe. Nakileta kwa mawazo tu, maana bei yake ni ya nchi nyingine, na mgonjwa wa kuwekewa kwanza ingebidi awe amevuka zile dakika chache za mwanzo, kisha wiki za mashine, kisha barabara. Hata hivyo nakileta. Nani atanunua betri? Gridi ikikatika, na hukatika, nani atakuwa na ya akiba? Antena ikibanduka usiku kwa jasho, nani atasikia? Nyaya hazina mlio, kinacholia ni kengele ya kifaa, na kengele inahitaji sikio. Huko Marekani familia hufundishwa kabla mgonjwa hajarudi nyumbani, na mara nyingi pesa hutumika kumlipa mkeshaji. Hapa mkeshaji hatukosi. Shangazi, mdogo mtu, binamu aliyekuja kusalimia akabaki mwaka mzima: nyumba ya Kiha haina uhaba wa watu wa kuamka. Tulichonacho wao wanakinunua, na walichonacho sisi hatukifikii. Methali inasema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kijana wa kileo huipenda sana kwa kuwa inamfundisha kujitegemea. Kitanda cha mtu asiyeweza kuvuta hewa yake kinaipa methali hiyo mtihani mgumu. Huyo akijitegemea anakufa kabla chai haijachemka.

Kilicho karibu nasi zaidi ni ndugu wa kifaa hicho: betri ya moyo. Mgonjwa wa kwanza duniani kupandikizwa alikuwa Arne Larsson wa Sweden, Oktoba 1958. Kifaa chake cha kwanza kilidumu saa chache, akawekewa kingine, na kingine, jumla 26 katika uhai wake, naye akaishi hadi mwaka 2001 na kufa kwa ugonjwa mwingine, huku mpasuaji aliyemfungua na mhandisi aliyekibuni wakiwa wamekwisha kumtangulia. Leo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, inawawekea Watanzania betri hizo. Waliowekewa utawatambua kwa tabia ndogo. Simu haiwekwi mfuko wa shati wa kushoto. Inakaa kiunoni, na ikipigwa inasikilizwa kwa sikio la kulia. Usiku mkono hupapasa uvimbe mdogo chini ya mtulinga kuhakikisha upo. Na hapa kwikwi inarudi kwa mlango ambao sikuutegemea: kwa kuwa neva ya freniki inapita ubavuni mwa moyo, waya wa betri ukikaa karibu nayo mno unaweza kuuamsha mshipa usiokuwa wake, na mgonjwa akajikuta tumbo linaruka kwa kila pigo la moyo. Fundi hurekebisha nguvu ya umeme kwa kompyuta, au waya husogezwa. Ila fundi yuko Dar es Salaam, kilometa 1,250 hivi kwa reli kutoka Kigoma, na moyo hausafiri peke yake kwenda kurekebishwa. Unakwenda na nauli, na mtu wa kuusindikiza, na wiki mbili za shamba kukaa bila jembe.

Kuna mradi wa chuo kikuu cha Michigan unaokusanya betri za moyo kutoka kwa marehemu wa Marekani, pale ambapo bado zina miaka ya kutumika, zikasafishwa, zikapimwa, zikapewa watu wa nchi nyingine ambao wangekufa kwa kuzikosa. Kenya ni mojawapo ya nchi zilizoshiriki katika majaribio yake. Novemba 2024, Chicago, yakatangazwa matokeo ya karibu watu 300: zilizotumika hazikuonekana kuwa duni kuliko mpya. Nimesikia watu wakisema ni aibu, kwamba tunavishwa mitumba mpaka ndani ya kifua, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Naelewa hasira hiyo, na sehemu yake ni ya haki. Betri moja haipaswi kuwa na bei inayoshinda mavuno ya mkulima ya miaka mingi. Lakini matanga yakiisha, hapa kwetu, hatuchomi nguo za marehemu. Tunakaa mkekani, koti linakwenda kwa mdogo wake, viatu kwa mpwa, na mpwa anatembea navyo sokoni bila kuinamisha kichwa, watu wakimwona wanamtaja marehemu kwa wema. Sioni ni kwa nini mapigo yawe na aibu kuliko koti. Laiti tungejua tu jina la aliyeyaacha, tukaweza kulitaja.

Nimezungumza muda wote kana kwamba umeme ndio njia pekee ya kuuamsha mshipa huo, na wauguzi wakunga wa vituo vya afya vya Kibondo na Kasulu wangenicheka. Mtoto akizaliwa asilie, mkunga hangoji waya. Anamkausha kwa kitambaa, kwa nguvu kidogo, anamsugua mgongo juu na chini kwa kiganja. Baridi, msuguano, mguso: habari zinapanda kwenye ngozi, zinaingia kwenye uti, zinafika ubongoni, na kutoka huko inashuka amri ya kwanza kabisa katika maisha ya mtu huyo, kupitia shingo, ubavuni mwa moyo, mpaka kwenye kiwambo ambacho kimefanya mazoezi kwa miezi ndani ya maji, na hata kuwa na kwikwi zake humohumo tumboni mwa mama. Wengi huitika hapo. Asiyeitika anawekewa barakoa na mfuko mdogo wa ambu ndani ya dakika ya kwanza, ile inayoitwa dakika ya dhahabu. Tanzania ilianza kuwafundisha wakunga wake utaratibu huu mwaka 2009, na katika hospitali nane zilizofuatiliwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilishuka kwa asilimia 47. Hakuna kilichopandikizwa chini ya ngozi ya mtu. Mpira, kitambaa, kiganja, na mtu aliyefanya mazoezi kwa mwanasesere mpaka mikono ikajua bila kuambiwa.

Saa nane za usiku, chumba cha kujifungulia, mama amelala kimya akitazama darini kwa sababu hajasikia alichokuwa akikisubiri. Mkunga ameinama juu ya meza, barakoa imefunika pua na mdomo wa mtoto, kidevu kimeinuliwa kidogo, na anahesabu kwa sauti ili mkono usikimbie: pumua, mbili, tatu, pumua, mbili, tatu. Karibu mara 40 kwa dakika. Mwenzake ameweka vidole viwili kwenye kitovu, anasikiliza mapigo. "Yapo, dada, endelea." Anaendelea. Kifua kinapanda kwa sababu yake, kinashuka kwa sababu yake, kisha kinapanda mara moja ambayo si yake. Anauondoa mfuko, anangoja, kinapanda tena, na kilio kinatoka, chembamba, cha hasira. "Mama, ni wa kike," anasema, tayari akiitafuta kalamu; saa inaandikwa kwenye faili, glavu zinabadilishwa, na kitanda cha pili kinaita.